Wajomba Zetu wa Ziwani

Sayyid Said bin Sultan alipofariki dunia baharini mwezi wa Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, naye yu safarini kutoka Maskati kurejea Unguja, aliacha watoto 36 walio hai. Na kwa ushahidi wa binti yake mwenyewe, Sayyida Salme, hapana hata mmoja kati yao aliyezaliwa na mke wa ndoa, bali wote mama zao walikuwa masuria. Majid aliyekalia kiti cha Unguja baada ya baba yake, Barghash aliyewaletea watu wa mji maji ya mfereji na kujenga Beit el-Ajaib, Khalifa na Ali waliofuatana nyuma yake, wote hao, ambao majina yao husomwa kwa taadhima na ubini wao huhesabiwa mpaka kwa Imam Ahmed bin Said, walizaliwa na wanawake walioingia nyumbani kwa kununuliwa. Sheria haikuona kasoro katika jambo hilo. Mtoto wa suria, maadamu baba amemkiri, ni mtoto huru, ana fungu lake katika mirathi sawasawa na nduguye aliyezaliwa na mke, na mama yake, tangu siku aliyojifungua, hawezi kuuzwa tena, na siku bwana wake akifa huwa huru. Basi ikiwa sheria haikuona kasoro, na ikiwa wafalme wenyewe walikaa kitini na watu wote wakijua mama zao ni nani, nauliza, kwa nini katika aila zetu za kawaida za Unguja na Pemba, na nadhani hata za Mombasa na Pangani na Lamu, mama hawa wamefutika kana kwamba babu zetu walikuja duniani bila ya kuzaliwa?

Nauliza kwa kuwa mimi ni kitukuu wa mmoja wao. Babu yangu mzaa baba alizaliwa na Mwarabu wa Ibra, katika nchi ya Oman, aliyekuwa na shamba la mikarafuu upande wa Bububu, na mwanamke aliyeletwa kutoka bara angali mtoto. Hilo la kwanza nimelijua tangu kupambanua mkono wa kulia na wa kushoto. Hilo la pili nimelijua kwa sababu ya bibi mmoja aliyekataa kufa nalo.

Nyumbani kwetu palikuwa na sanduku kubwa lililopigwa misumari ya shaba, ambalo ufunguo wake ulikaa kwa baba, na ndani yake mlikuwa na hati za shamba, kitabu cha Barzanji kilicholiwa na mende pembeni, vipande vya udi vilivyofungwa katika kitambaa, na waraka wa nasaba. Waraka huo ulikuwa wa karatasi nene, iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata penye mikunjo pakatoboka, umeandikwa kwa wino mweusi na kalamu ya mwanzi, majina 11 yakishuka moja chini ya jingine, kila moja limefungwa katika duara, na baina ya duara na duara pameandikwa bin. Sikukuu ya Idi, watu wakisha kula, baba aliutandaza juu ya mkeka, na kwa kuwa mimi nilihitimu chuoni kabla ya ndugu zangu, ndimi niliyeamriwa kuusoma kwa sauti mbele ya wageni. Naliusoma kwa fahari, na fahari ile ilikuwa ya kweli wala leo siikani, kwani iko nguvu katika kujua kwamba mtu hakuanzia kwake mwenyewe. Lakini mwaka mmoja, nilipofika mwisho, penye jina la babu, nalimwuliza baba, “Na mama yake babu ameandikwa wapi?” Baba aliukunja waraka taratibu, akifuata mikunjo yake ileile, akaniambia, “Mwanangu, katika nasaba mama hahesabiwi.” Kisha akawakaribisha wageni kahawa.

Bibi niliyemtaja alikuwa dada wa babu, baba mmoja mama mmoja, mjane aliyekaa shambani tangu kufiwa na mumewe, na msimu wa karafuu ulipowadia sisi watoto tulipelekwa kwake kusaidia kuchambua. Jioni, wachumaji wakisharudi na magunia yao, watu walikaa kulizunguka jamvi chini ya mwangaza wa karabai, na kila mtu mbele yake ana fungu lake. Bibi alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote: akikishika kishada kwa mkono wa kulia, akikikandamiza katika kiganja cha kushoto na kukisokota, karafuu zikianguka upande huu na makonyo yakitupwa upande ule, wala macho yake hayaangalii anachokifanya. Viganja vyake vilikuwa vimeiva rangi ya hudhurungi isiyotoka kwa sabuni, na harufu ya karafuu ilikuwa katika nguo zake, katika mto wake, na katika chai aliyotutilia. Usiku mmoja, wengine wamekwisha kwenda kulala, alisema nami bila ya kuniangalia: “Nasikia ulimwuliza baba yako habari za mama yangu. Wanaume wana waraka wao. Mie nna kichwa changu, njoo nikwambie.”

Aliyonieleza usiku ule, na nyusiku nyingine baada yake, si mengi, kwa kuwa mama yake naye hakuwa mwingi wa maneno. Alisema mama yake alizaliwa mahali penye maji makubwa matamu ambayo ng'ambo yake haionekani, ndiyo sababu sisi katika aila tunasema ni ziwa la Nyasa. Kwamba alichukuliwa angali hajaota meno yote ya utu uzima, pamoja na nduguye wa kiume ambaye alikufa njiani. Kwamba walitembea mpaka nyayo zikawa ngumu. Kwamba walivushwa bahari usiku katika jahazi lisilowasha taa, wamefunikwa mikeka, na mtu mmoja aliyekuwa akipita juu yao gizani alikuwa akiwatia tende vinywani ili wasilie. Mwanamke huyo, akisema Bibi, hakula tende tena maisha yake yote. Mwezi wa Ramadhani, nyumba nzima ikifuturu kwa tende kama ilivyo suna, yeye alifuturu kwa maji, na watoto wake walidhani ni tabia tu ya ulimi wake, mpaka alipokuwa mzee sana akamweleza binti yake, naye binti akanieleza mimi.

Tena alikuwa na nembo. Pande zote mbili za paji la uso, karibu na nywele, alikuwa amechanjwa mistari mifupi iliyopangwa kwa mkono wa mtu aliyejua kazi yake, nembo za kwao, ambazo kwa watu wa kwao zilikuwa pambo na utambulisho, wala si kilema. Watoto wake walifundishwa kuwaambia watu kwamba mama aliungua mafuta ya moto. Iko picha yake moja, iliyopigwa na Mgoa mmoja mjini alipokuwa mtu mzima: amekaa kitini, babu amesimama kando yake katika kanzu na koti, na mkono wake wa kulia umeinuka kuushika mtandio ushuke mpaka kwenye nyusi. Nimeitazama picha hiyo miaka mingi. Kila kitu ndani yake kimetulia ila mkono ule.

Nimeyalinganisha maneno ya Bibi na tarehe ya visiwa vyetu, nami naona yanaingia mahali pake bila ya shida. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliikumba Unguja na kuing'oa mikarafuu yake mingi, ilhali Pemba ilisalimika. Bei ya karafuu ikapanda, na mashamba yakataka mikono ya kuchuma kule na ya kupanda upya huku. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Lakini mkataba haukuondoa haja ya mikono, na kwa miaka mingi baadaye majahazi yaliendelea kuvuka kwa siri usiku kutoka mrima, na watoto ndio waliokuwa wepesi kufichwa. Watu wa upande wa Nyasa walikuwa wamekwisha zoea kuteremshwa Kilwa Kivinje tangu zamani, hata njia ile ikawa kama mkondo wa mto uliokwisha kujichimbia. Basi mtoto aliyevushwa gizani amefunikwa mkeka, baada ya biashara ile kuharimishwa kwa maandishi, si hadithi ya ajabu, na kwamba hapana daftari lililomwandika si ajabu pia.

Ikaja amri ya tarehe 6 Aprili 1897, ambapo Sayyid Hamoud bin Mohammed aliuondolea utumwa nguvu ya sheria, na mtumwa akaweza kwenda mahakamani kuudai uhuru wake. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo, kwa hoja kwamba wao ni watu wa ndani ya nyumba, mithili ya wake. Hata 1909 ndipo nao walipofunguliwa mlango, na mlango wenyewe ulikuwa na mwiba: suria aliyetoka bila ya ridhaa ya bwana wake alipoteza haki ya kukaa na watoto wake. Wakati huo mama yake Bibi alikuwa na mtoto wa kiume aliyekwisha kuanza chuo na wa kike aliye mgongoni. Hakutoka. Bwana wake alimpa kwa hiba minazi michache iliyokuwa nyuma ya nyumba, na baada ya bwana kufa hakurithi kitu, kwa kuwa hakuwa mke, akaishi kwa mwanawe mpaka mauti yalipomjia. Wako watu katika aila yetu wasemao kwamba alibaki kwa mapenzi, na wako, wachache, wasemao kwamba alibaki kwa ajili ya watoto. Mimi sitamjazia moyo wake maneno ambayo yeye hakuyasema. Nasema tu kwamba mtu aliyewekewa watoto wake upande mmoja wa mizani na uhuru wake upande wa pili hakupewa hiari, na kwamba sisi wote tuliotoka kwake tuko duniani kwa sababu ya upande alioulemea.

Hapa nataka kusema jambo ambalo limenikera tangu nilipolifahamu. Sayyida Salme, katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani 1886, ameeleza habari za mama yake, Jilfidan, bila ya haya yoyote: kwamba alikuwa Mcherkasi, kwamba alitekwa angali mtoto vita vilipowaangamiza wazazi wake, kwamba alikuwa mrefu, mwenye nguvu na nywele nyeusi zilizofika magotini. Katika nyumba za mji pia nimewasikia wazee wakimtaja bibi yao Mhabeshi kwa sauti ya kujivunia, wakisifu pua na nywele. Hao nao walikuwa masuria, walinunuliwa, waliletwa kwa nguvu kutoka mbali. Basi haikuwa usuria uliofichwa, wala haikuwa utumwa. Kilichofichwa ni Nyasa. Kilichofichwa ni Uzigua na Uyao na Umanyema na Ugindo. Mama akitoka kaskazini alisimuliwa, akitoka bara aliungua mafuta ya moto. Na jambo hili halina asili katika Kurani wala katika sheria, ni kipimo cha rangi kilichovikwa kilemba cha nasaba, na wengi katika wazee wetu waliopima nacho walikuwa wacha Mungu katika kila jambo jingine.

Naliona kipimo hicho kikifanya kazi kwa macho yangu. Shangazi yangu mmoja alipokuwa mwari aliposwa na kijana wa aila yenye jina, na mambo yakaenda vizuri mpaka ikatajwa siku ya akdi; kisha wajumbe wakaacha kuja, na baada ya muda likaletwa neno kwamba kijana ana safari. Sababu ya kweli ilipita jikoni: mtu mzima mmoja wa upande wao alikuwa amemwona mama yake babu zamani, mtandio umeteleza, akasema kwamba watu hawa si kufu yao. Na aila ile yenyewe, kila mtu mtaani alijua, ilitoka kwa suria wa Kihabeshi. Shangazi aliolewa baadaye na mtu mwema wa Pemba, akazaa, akafurahi; lakini siku zile nalimwona amekaa mbele ya kioo akijitazama paji la uso lake, lililo laini kabisa, akilipapasa kwa vidole.

Aibu ya namna hii haikai ndani ya nyumba. Serikali ya Kiingereza ilipokuwa ikiwapanga watu kwa kabila, na kila kabila na stahili zake, watu walijifunza upesi kuchagua kabila lenye faida. Hesabu ya watu ya 1924 iliwaandika Waswahili zaidi ya 30,000. Ile ya 1931 iliwakuta 2,000 na kitu. Hawakufa wala hawakuhama, bali waliulizwa wewe nani, wakajibu jibu jingine. Wakati wa vita kuu ya pili, mchele ulipokuwa adimu, mgao wa chakula nao ulifuata kabila, Mwarabu na Mhindi wakihesabiwa kuwa walaji wa mchele na Mwafrika mlaji wa unga, hata nyumba mbili zilizopakana ukuta, zilizoazimana chumvi na moto, zikawa na vyungu viwili tofauti kwa amri ya karani. Nani atawalaumu waliokwenda kutafuta babu Mwarabu ili watoto wao wapate wali? Lakini kila aliyempata babu katika siku zile alimpoteza bibi.

Kisha zikaja zama za siasa. Kuanzia 1957 mpaka uhuru wa Desemba 1963, majukwaani na magazetini, watu waliulizana asili kwa ukali ambao haukuwa umewahi kusikika: huyu ni mgeni, yule ni mtumwa, huyu arudi Maskati, yule arudi bara. Watu wa nyumba kama yetu walikuwa na jibu moja tu ambalo lingeweza kuwavunja makali wote wawili, nalo ni kusema, sisi ni wa huku na huku, mama yetu aliletwa katika jahazi lile lile lililowaleta mama zenu. Na jibu hilo ndilo tulilokuwa tumelifungia sandukuni. Baba hakulisema. Nadhani hata angalitaka asingalijua aanzie wapi, kwa kuwa jambo lisilosemwa kwa miaka hamsini mezani haliwezi kusemwa ghafula barabarani. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalitukuta hivyo. Sitatonesha vidonda vya watu kwa kuyaeleza hapa yaliyopita mtaani kwetu, ambayo waliyaona wengi na kila aila ina yake. Shamba lilichukuliwa na baadaye likagawiwa kwa eka tatu tatu, na katika waliopewa walikuwamo watoto wa wachumaji waliokuwa wakikaa nasi kulizunguka jamvi. Wakubwa wetu walilia. Bibi, aliyekuwa amezaliwa katika shamba lile, hakulia mbele yetu, ila siku moja, mazungumzo ya wanaume yalipokuwa makali, alisema kutoka mlangoni jambo ambalo hapana aliyelijibu: “Hao mnaowaita watu wa bara, ni wajomba zetu.”

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa mjomba ni nani. Ndiye anayeulizwa posa inapoletwa, ndiye anayesimama mtoto wa dada yake anapofikwa na jambo, na mpwa anaweza kuingia nyumbani kwa mjomba wake na kula bila ya kukaribishwa. Baba anaweza kumkasirikia mwanawe, mjomba hupatanisha. Sisi tulikuwa na ami wengi, kutoka Bububu mpaka Ibra, na kwa upande ule mwingine tulikuwa mayatima. Aila iliyomfuta mama imejifutia wajomba, na siku ya ugomvi haina mpatanishi.

Wengi katika jamaa zetu waliondoka. Walianzia Mombasa na Dar es Salaam, wengine wakafika Dubai na Kairo, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwezi wa Julai 1970 na kuwaita watu wa Oman walio nje warejee, waliingia Maskati na waraka wa nasaba mkononi. Waraka ule ambao kwetu ulikuwa pambo la sikukuu, kule ulikuwa ufunguo: ndio uliomwonyesha sheikh wa kabila kwamba huyu ni mtoto wa fulani, ndio uliomfikisha mtu kwenye uraia. Nilinakili mwenyewe nakala za watoto wa ami zangu, na nilifurahi kwa ajili yao. Lakini walipokwisha kukaa, majirani waliwaita Wazanzibari, na wanawaita hivyo mpaka leo watoto na wajukuu zao, kwa sababu wanapika pilau na urojo, wanaimba maulidi kwa mahadhi ya Unguja, na zaidi ya yote wanasema Kiswahili majumbani mwao, wanagombana kwacho na kubembelezea watoto kwacho. Kiswahili hicho hakikutoka kwa mwanamume wa Ibra. Yeye alikuja na Kiarabu chake akafa nacho. Kiswahili aliwapa watoto wake yule mwanamke wa ziwani, ambaye naye alijifunza kwa amri za watu, akakifanya chake, akawalaza kwacho watoto wawili. Nilipokuwa Maskati kwa mpwa wangu, nikamsikia mkewe sebuleni akimtuliza mtoto kwa maneno yale yale ambayo Bibi alitutulizia shambani, nalitamani waliokwenda kwa sheikh na waraka waliousoma upande mmoja wausikie na upande huu.

Wako watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya kizazi cha sasa, kwamba dini yetu hufuata baba. Nami nawajibu kwa adabu kwamba Waarabu wote wanaojihesabu kwa Nabii Ismail wanajihesabu kwa mtoto wa Hajar, na Hajar alikuwa kijakazi, aliyetoka Misri, aliyeachwa na mtoto wake katika bonde lisilo na mimea. Na kila hujaji, awe sharifu au mfalme, hatimizi hija yake mpaka akimbie alipokimbia yeye baina ya Safa na Marwa. Mwenyezi Mungu hakumficha mama huyu. Ameyafanya mahangaiko yake kuwa ibada.

Mwenye hoja nzito zaidi ni ami yangu mmoja, wa mwisho aliyesalia katika wadogo zake baba, mtu ninayembusu mkono kila ninapomwona, ambaye aliposikia kwamba nakusudia kuuandika upya waraka wa nasaba na kuwaingiza mama, aliniita akanikalisha. Aliniambia: “Mama yetu mkubwa alijifunika mwenyewe. Mkono ule katika picha ni wake. Wewe ni nani wa kumfunua? Sitara ni haki ya mtu, hata akiwa amekufa.” Nimelifikiri neno hilo kwa muda mrefu, kwa kuwa limetoka kwa mtu anayempenda, na kwa kuwa ni kweli kwamba wako waliotaka kusahau, na kusahau kuliwapa usingizi. Lakini sitara ni ya kumfunika mtu kwa dhambi au kwa aibu aliyoitenda. Yeye alitenda nini? Alichukuliwa, akavushwa, akazaa, akalea. Aliushusha mtandio kwa kuwa alikuwa amewaona watu wakitazama paji la uso wake na kisha kuwatazama watoto wake, aliwasitiri wao. Watoto wamekwisha kuwa wazee wakafa, wajukuu wamekwisha kuwa wazee, wala hapana tena wa kusitiriwa ila fahari yetu.

Nimewaandikia jamaa wa Unguja, Mombasa, Dubai na Maskati, nikamwomba kila mmoja aulize kwa wakongwe waliobaki upande wake, mama wa babu alikuwa nani, aliitwaje, alitoka wapi. Majibu yanafika kidogo kidogo. Mmoja amepata Mmanyema aliyepitia Tabora na Bagamoyo. Mwingine Mzigua, ambaye jamaa zake walikuja kumtafuta kutoka mrima zamani wakakataliwa mlangoni, jambo ambalo hapana aliyekuwa akilijua katika nyumba ile ila kikongwe mmoja. Mwingine amejibu kwa ukali kwamba kwao hapakuwa na kitu kama hicho, na siku ya pili mkewe akanipigia simu kwa siri kunipa jina. Mama yake Bibi hatuna jina lake la kwanza, lile aliloitwa na mama yake. Tunalo la ua aliloitwa alipofika, na ubini wa binti Abdallah, ambao ulikuwa ukipewa kila aliyesilimu bila ya baba wa kutajika. Hayo tutayaandika kama yalivyo, na mahali pa jina la kwanza tutaliacha duara lake tupu, lisiwekwe jina la kubuni.

Katika hitima ya mwezi wa Shaaban, ambapo kwa miaka yote alikuwa akiombewa kwa kutajwa kuwa mama yake fulani, baada ya wanaume wote na ubini wao mrefu, Ami amekubali sasa atajwe mwenyewe, na atajwe mapema. La waraka bado amelikataa. Nami sijaacha kumwendea kila Ijumaa baada ya sala kumwomba, kwa kuwa wale 11 wa kwanza wameandikwa kwa mwandiko ambao katika aila yetu hapana aujuaye tena ila yeye, na sitaki wa kumi na mbili aandikwe kwa mkono mwingine.